Fomu ya Kazi Hujazwa Vyeti Vikiwa Mezani

Kabla sijafungua steshenari yangu jirani na stendi ya Msamvu, nilikuwa mtunza kumbukumbu katika masjala ya taasisi moja binafsi hapa Morogoro. Kila tangazo la kazi lilipotoka, maombi yote yalipitia mikononi mwangu kwanza: niliyafungua, niliyagonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa, niliyaingiza kwenye rejista, kisha nilikaa na kamati ya ajira kama mwandishi wa kikao wakati wa kuchambua nani aitwe kwenye usaili. Sasa niko upande wa pili wa meza. Vijana waliohitimu Mzumbe, Sokoine na vyuo vya kati, akina mama wanaotafuta kazi za uhudumu wa ofisi, madereva na walinzi huja kwangu niwasaidie kujaza maombi, hasa ya serikali, ambayo hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwa kuwa nimeyaona maombi yanavyosomwa, na kila siku ninaona yanavyoandikwa, ninaamini kwa dhati kwamba watu wengi wenye sifa hukosa hata kuitwa kwenye usaili kwa sababu ya namna walivyojaza fomu. Jambo hilo linaniuma, kwa maana sehemu kubwa ya hasara hiyo inazuilika.

Nianze na namna maombi yanavyosomwa, kwa sababu mwombaji akishaelewa hilo, mengine mengi humnyookea. Katika ile kamati, kazi ya kwanza ilikuwa kuchora jedwali. Upande wa kushoto tuliandika namba za waombaji, na juu tuliandika sifa zilizotajwa kwenye tangazo, moja baada ya nyingine: kiwango cha elimu, fani, miaka ya uzoefu, umri, leseni au usajili wa bodi kama kazi inahitaji, barua iliyosainiwa, wasifu, vyeti vilivyothibitishwa. Kisha kila ombi lilifunguliwa, mjumbe mmoja akasoma, na mimi nikaweka alama ya vema au mkato kwenye kila chumba. Ombi moja lilichukua dakika chache tu. Mwombaji aliyekuwa na mkato kwenye sifa ya lazima aliwekwa pembeni, na hakuna aliyenyanyua simu kumuuliza kama cheti kile anacho nyumbani lakini amesahau kukiambatisha. Wajumbe hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na rundo la bahasha mbele yao na siku moja ya kulimaliza. Msomaji wa kwanza wa fomu hana namna ya kujua bidii yako, tabia yako wala hali ya nyumbani kwenu. Ana tangazo mkono mmoja na karatasi zako mkono mwingine, na anachotafuta ni kama viwili hivyo vinapatana.

Kwa upande wa serikali msongamano ni mkubwa zaidi. Sekretarieti ya Ajira iliundwa kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007, ili iendeshe mchakato wa ajira kwa niaba ya waajiri katika utumishi wa umma. Maana yake ni kwamba wizara, halmashauri, wakala na taasisi nyingi zinapitia mlango mmoja, na taarifa unazojaza kwenye akaunti yako zitasomwa kwa maombi mengi utakayotuma baadaye. Kosa dogo la leo litakufuata kwenye kila tangazo mpaka siku utakapolirekebisha.

Kwa hiyo mtu anapofika kwangu na kusema, "Mama, nimekuja unijazie haraka, kesho wanafunga," kompyuta naiacha kwanza. Namwomba amwage mezani kila alichonacho kwenye bahasha: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au namba yake, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama kipo, vyeti vya chuo pamoja na nakala ya alama za masomo, barua za kazi alizowahi kufanya, na tangazo lenyewe lililochapishwa. Tunavisoma vyote kwa pamoja, kwa sauti, kabla hajaandika neno lolote. Baadhi yao hukereka, nami siwalaumu, lakini uzoefu umenionyesha kwamba fomu inayojazwa kutoka kichwani huwa na makosa ambayo mwandishi wake hawezi kuyaona, ilhali ile inayojazwa huku macho yakienda kwenye cheti na kurudi kwenye skrini huwa na machache sana.

Eneo linaloleta taabu kuliko yote ni majina. Sisi hatuna desturi moja ya kuandika majina, na maofisa waliotuandikisha kuanzia kliniki hadi shuleni kila mmoja aliandika alivyosikia. Utamkuta mtu cheti chake cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija, na kitambulisho cha Taifa kinasema Khadja kwa sababu karani wa uandikishaji aliruka herufi. Ramadhani na Ramadhan, Mohamedi na Mohamed, Elizabeti na Elizabeth: kwa jirani hao ni mtu yuleyule, lakini kwa mhakiki anayelinganisha nyaraka hao ni watu wawili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengine walianza shule kwa jina la babu kama jina la mwisho, wakaandikishwa kitambulisho kwa jina la ukoo. Wapo pia wanawake walioandika jina la mume kwenye kitambulisho huku vyeti vyote vya shule vikibaki na jina la baba.

Nilimhudumia binti mmoja, mhitimu wa stashahada ya uhasibu, ambaye majina yake matatu yalikuwa kamili kwenye cheti cha kidato cha nne, lakini cheti cha chuo kilikuwa na majina mawili na herufi moja katikati. Alitaka kujaza majina mawili "ili yafanane na cha chuo", halafu kwenye barua ya maombi akawa ameandika matatu. Nilimshauri aandike kwenye fomu jina lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, aende kwa wakili aandaliwe hati ya kisheria inayoeleza kwamba majina yote yale ni ya mtu mmoja, na hati hiyo aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Sekretarieti yenyewe, inapotangaza usaili, huwakumbusha wasailiwa ambao majina yao yanatofautiana katika nyaraka wafike na hati ya kuthibitisha majina. Kazi hiyo si ya siku moja, tena ina gharama, ndiyo maana ninawasihi vijana waishughulikie wakati hakuna tangazo lolote linalowakimbiza.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego wake. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Mtu aliyepunguza au kuongeza miaka wakati wa kuandikishwa, au aliyekadiriwa umri na wazazi wasiokumbuka, anaandika kwenye fomu tarehe moja ilhali namba aliyoijaza mstari wa juu yake inasema nyingine. Matangazo mengi ya Sekretarieti huwataka waombaji wasizidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari wapo kazini serikalini, kwa hiyo tarehe si jambo la kupitisha tu. Mwenye tofauti ya namna hiyo anapaswa kwenda RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, au NIDA, wanaotoa vitambulisho vya Taifa, kulingana na karatasi ipi yenye kosa, airekebishe kwenye chanzo. Kwenye fomu za mashirika ya kimataifa kuna jambo jingine la kuangalia, kwamba baadhi huanza na mwezi kabla ya siku, na mtu aliyezaliwa tarehe 4 Novemba hujikuta amezaliwa tarehe 11 Aprili. Soma maelekezo madogo yaliyo chini ya kisanduku kabla ya kuandika.

Kuhusu vyeti, matangazo ya serikali yana maneno ambayo waombaji wengi huyaruka kwa sababu yanajirudia kila mara. Yanasema kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuhitimu havikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Yanasema cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na mwanasheria au wakili. Yanasema waliosoma nje ya nchi vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, yaani Baraza la Mitihani kwa elimu ya sekondari na Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada. Yanasema aliye tayari mtumishi wa umma apitishe barua yake kwa mwajiri wake. Namwona kijana amejaza kila kisanduku vizuri, kisha kwenye nafasi ya cheti cha kidato cha nne anapandisha ile karatasi ya matokeo aliyopewa shuleni, kwa kuwa cheti chake bado kiko kabatini kwa mkuu wa shule na hakuwahi kwenda kukichukua. Huyo namwambia ukweli, kwamba nauli ya kwenda kuchukua cheti itamsaidia kuliko hela anayotaka kunilipa mimi.

Lipo pia jambo la kughushi, nami silifichi kwa sababu kila baada ya muda mtu hunijia na ombi la kubadilisha alama kwenye nakala. Serikali ilipofanya uhakiki wa vyeti kwa kushirikiana na Baraza la Mitihani, taarifa aliyokabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Wengi wao walikuwa wamekwishafanya kazi miaka mingi, wana familia, mikopo ya benki na nyumba nusu. Cheti cha mtihani wa taifa kina namba ya kituo na namba ya mtahiniwa, na Baraza linayo kumbukumbu yake. Kisanduku cha elimu kijazwe kama elimu ilivyo, hata kama ni daraja la nne.

Baada ya hapo linakuja eneo ambalo mimi hulipenda kuliko yote, nalo ni uzoefu wa kazi. Hapa ndipo fomu mbili za watu wenye vyeti sawa hutofautiana, na hapa ndipo nimeona waombaji wakijinyima haki yao.

Kila tangazo la serikali lina orodha ya majukumu ya kazi, na mara nyingi orodha hiyo huishia na jukumu la kufanya kazi nyingine zinazohusiana na fani kama mhusika atakavyoelekezwa na mkuu wake wa kazi. Nikiwa masjala nilizoea kuona waombaji wakinakili orodha yote ya tangazo, neno kwa neno, na kuibandika kwenye sehemu ya majukumu waliyowahi kufanya, pamoja na hilo la mwisho. Wajumbe waliligundua papo hapo, kwa sababu wao wenyewe ndio walioandika tangazo. Ombi la namna hiyo lilisomeka kana kwamba mtu hajawahi kufanya chochote, hata kama kweli alikuwa amefanya kazi miaka mitano. Upande mwingine walikuwepo walioandika neno moja tu, kwa mfano "Karani" au "Stoo", na kuacha nafasi iliyobaki wazi.

Kijana mmoja alikuja kuomba nafasi ya msaidizi wa ugavi. Alikuwa amefanya kazi katika ghala la pembejeo za kilimo huko Kilosa, na kwenye fomu ya majaribio aliandika: "Nilikuwa mtunza stoo." Nilipomuuliza kwa nini ameishia hapo, alinijibu, "Mama, ilikuwa stoo ya kawaida tu, hakuna la ziada la kuandika."

Nikamwambia, "Mwanangu, niambie siku lori la mbolea linapofika unafanya nini."

Akaanza kueleza. Lori likifika anachukua hati ya kupokelea mizigo kutoka kwa dereva, anahesabu mifuko wakati inashushwa, anatenga iliyopasuka na kuiandika pembeni, anasaini ile hati ikiwa idadi inalingana na kukataa kusaini ikiwa hailingani mpaka msimamizi aje. Jioni anaingiza kwenye leja na kwenye kadi ya kila bidhaa. Mwisho wa mwezi wanahesabu stoo yote na kulinganisha na leja, na kukiwa na upungufu yeye ndiye anayeandika maelezo. Msimu wa kupanda ukikaribia ndiye anayemkumbusha msimamizi kwamba mbegu fulani imebaki kidogo. Mbegu na mbolea zinazokaribia kuisha muda wake anaziweka mbele ili zitoke kwanza.

Nilikuwa ninaandika kila alichosema. Tulipomaliza nilimgeuzia karatasi aisome, naye akakaa kimya kidogo kisha akauliza kama inaruhusiwa kuandika yote hayo. Inaruhusiwa, na inatakiwa. Tulipanga sentensi zake zikawa nne: alipokea na kukagua mizigo dhidi ya hati zake, alitunza leja na kadi za bidhaa, alishiriki kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi na kuandaa maelezo ya upungufu, alifuatilia kiwango cha akiba na tarehe za kuisha muda wa bidhaa. Kila neno lilikuwa la kweli, na msimamizi wake wa zamani akipigiwa simu angethibitisha. Mhakiki mwenye jedwali lake angeweza kuweka alama ya vema kwenye upokeaji, utunzaji wa kumbukumbu na uhesabuji, mambo ambayo tangazo liliyataka, bila kulazimika kukisia.

Tangu hapo hiyo ndiyo njia yangu na kila mtu. Dereva simwulizi uzoefu wake ni upi. Namwomba anieleze siku yake tangu anapopewa funguo: kukagua mafuta, maji na matairi, kujaza kitabu cha safari, kupeleka gari matengenezo kwa wakati. Mwalimu wa kujitolea namwomba anitajie darasa, idadi ya vipindi na mitihani aliyotunga. Mama aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa namwomba anionyeshe daftari lake, kwa sababu kutunza fedha za wanachama na kusoma hesabu mbele yao kila mkutano ni uzoefu halisi, hata kama hakuwahi kulipwa mshahara. Idadi ziandikwe pale zinapojulikana, na pasipojulikana pasibuniwe.

Mapengo ya miaka kati ya kazi moja na nyingine huwatia watu hofu pasipo sababu. Nimewaona wakirefusha muda wa kazi ya kwanza ili ugusane na wa pili, jambo ambalo barua ya kuachishwa au ya kumaliza mkataba hulifichua mara moja. Aliyekaa nyumbani kumuuguza mzazi, aliyelima, aliyefanya biashara ndogo, aandike hivyo kwa mstari mmoja na miaka yake. Katika vikao nilivyoandika kumbukumbu zake sikuwahi kuona mwombaji akiachwa kwa sababu alimuuguza mama yake, lakini niliona walioachwa kwa tarehe zilizogongana.

Wadhamini hutakiwa watatu, na ni sehemu ambayo watu huijaza mwishoni wakiwa wamechoka. Wanaandika mhadhiri aliyewafundisha zamani, mchungaji au shehe, na ndugu mwenye cheo. Siku moja nikiwa masjala niliagizwa kumpigia mdhamini wa mwombaji ambaye kamati ilikuwa imempenda. Mzee yule alipokea kwa upole, nikamsalimu, nikajieleza, naye akajibu, "Binti yangu, jina hilo silikumbuki. Mwambie anipigie mwenyewe anikumbushe." Mwombaji alikuwa amesema kweli, kwa kuwa mzee yule aliwahi kweli kuwa mkuu wake, lakini hakumtaarifu. Mdhamini apigiwe simu kabla jina lake halijaandikwa, aombwe ridhaa, aelezwe ni kazi gani inaombwa na lini anaweza kutafutwa, na namba yake ihakikiwe papo hapo kwa kuipiga. Angalau mmoja awe mtu aliyekuona ukifanya kazi. Ndugu wa damu asiwekwe, hata kama ndiye mwenye cheo kikubwa kuliko wote.

Barua ya maombi ina sura yake ambayo sote tulifundishwa shuleni, na sioni haja ya kuirudia yote. Nitasema tu kwamba kwa nafasi za Sekretarieti barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na lazima isainiwe. Barua isiyo na sahihi ni miongoni mwa makosa niliyoyaona mara nyingi, kwa kuwa mtu huiandika kwenye kompyuta, akaigeuza kuwa faili na kuipandisha bila kuichapa. Ichapwe, isainiwe kwa kalamu, kisha iskaniwe. Kichwa cha habari kitaje nafasi kwa jina lilelile la kwenye tangazo, pamoja na daraja lake, kwa sababu Afisa Hesabu Daraja la II na Mhasibu Daraja la II ni nafasi mbili tofauti zenye sifa tofauti.

Viambatisho viskaniwe kwa mashine inapowezekana. Picha ya simu iliyopigwa kitandani, yenye kivuli cha mkono na kona ya shuka, hukatisha tamaa msomaji, na mara nyingi muhuri wa wakili hausomeki. Mhuri usiosomeka ni sawa na cheti kisichothibitishwa. Baada ya kupandisha kila faili, lifungue tena ndani ya mfumo na ulisome hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu nimeona cheti cha kuzaliwa kikiwa kimewekwa mahali pa cheti cha chuo, na nimeona faili la mteja mmoja likiingia kwenye akaunti ya mwingine pale steshenari zinapokuwa na foleni.

Hapo naomba niseme na wenzangu wa steshenari kwa uwazi. Tusiwafungulie watu akaunti za barua pepe na kubaki na nywila zao. Kijana anaitwa kwenye usaili, taarifa inatumwa kwenye akaunti, na yeye hana njia ya kuisoma kwa sababu nywila iko kwenye daftari la duka lililokwishahama. Mimi humpa mteja kibodi aandike nywila yake mwenyewe nikiwa nimegeuka, na humtaka aiandike nyumbani mahali salama. Namba ya simu nayo iwe ya kwake, anayoitumia kila siku, isiwe ya rafiki wanayeshiriki chumba.

Fomu za makampuni na mashirika binafsi zina visanduku ambavyo za serikali hazina. Kimojawapo ni mshahara unaoutarajia. Wengi huandika kiasi wanachotaka kushika mkononi, wakati mwajiri husoma kiasi hicho kama mshahara kabla ya makato. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 10, yaani shilingi 60,000, na mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15, yaani shilingi 90,000. Hizo tayari ni 150,000 kabla ya kodi ya mapato. Fanya hesabu hiyo kwanza, ulizia wanaofanya kazi kama hiyo katika mji huo wanalipwaje, kisha andika kiasi unachoweza kukitetea ukiulizwa.

Kisanduku cha ulemavu hujazwa kwa woga, nami ninaelewa woga huo unatoka wapi. Hata hivyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na matangazo ya Sekretarieti huwataka waombaji wenye ulemavu wauainishe kwenye mfumo. Kijana kiziwi niliyemsaidia aliandika wazi kwamba atahitaji mkalimani wa lugha ya alama siku ya usaili. Mwajiri asiyeambiwa hawezi kuandaa mkalimani, chumba cha chini wala maandishi makubwa.

Pale ambapo swali halikuhusu, andika "Haihusiki" badala ya kuacha wazi, ili msomaji ajue kwamba umeliona. Fomu ya karatasi itolewe nakala kwanza, ijazwe nakala hiyo kwa penseli, isomwe na mtu mwingine, ndipo halisi ijazwe kwa wino na kwa herufi kubwa ikiwa imeelekezwa hivyo. Na siku ya mwisho isisubiriwe, kwa kuwa siku hiyo mfumo huelemewa na waombaji wa nchi nzima. Ikiwa tangazo limeandika 15:30, hiyo ni saa tisa na nusu alasiri. Hakuna ada ya kuomba kazi serikalini. Anayekupigia akidai fedha ili jina lako lipite ni tapeli, na malipo halali ni yale tu ya huduma ya kuchapa, kuskani na intaneti, au ya wakili aliyethibitisha vyeti vyako.

Ombi likishatumwa, kazi ya fomu haijaisha. Chapa nakala ya kila ulichojaza na uiweke kwenye faili moja na tangazo, maana matangazo huondolewa na majukumu ya nafasi husahaulika. Ingia kwenye akaunti yako mara kwa mara kuangalia hali ya ombi, na kama hukuchaguliwa soma sababu iliyoandikwa ili uirekebishe kabla ya tangazo lijalo. Ukiitwa, utatakiwa kufika na vyeti halisi pamoja na kitambulisho, na wajumbe watakuwa na maelezo yako mbele yao. Yule kijana wa Kilosa aliporudi kutoka Dodoma aliniambia kwamba swali la kwanza katika usaili wa mahojiano lilitoka kwenye sentensi yake ya tatu: walitaka aeleze hatua kwa hatua anafanya nini anapokuta upungufu kati ya leja na mzigo uliopo stoo.

Aliwaeleza kama alivyonieleza mimi.